Bi Harusi na Kidonge cha Kutuliza: Tusikilize Hofu Kabla ya Kuilaza



Mfunguo Mosi ukiingia tu, kadi za harusi humiminika majumbani. Wiki hii singo, wiki ijayo hina, kisha ndoa, kisha bi harusi kutolewa. Katika shamrashamra zote hizo kuna jambo moja linalofanyika chumbani kwa sauti ya chini. Bi harusi hajalala siku tatu, mikono inamtetemeka, chakula hakipiti kooni. Mmoja wa wakubwa waliomzunguka anafungua pochi na kumwambia, "Meza hiki mwanangu, nusu tu, utulie." Kidonge chenyewe aliandikiwa mtu mwingine, kwa maradhi mengine, pengine mwaka jana. Mwari anakimeza, anatulia, na kila mtu chumbani anashusha pumzi.

Leo nataka tulizungumze jambo hili waziwazi. Msimamo wangu nautanguliza, ili hata asiyefika mwisho aondoke nao. Dawa za kutuliza ni neema zikiwa mikononi mwa daktari na kwa siku chache. Lakini hofu ya bi harusi ina haki ya kusikilizwa kabla ya kulazwa usingizi. Tukianza na kidonge tunaweza kuuzoesha mwili wake kitu kigumu kukiacha, na tunaweza pia kuufunga mdomo wake juu ya jambo alilokuwa akitafuta pa kulisema.

Hofu si upungufu wa imani

Tuanze hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapojeruhiwa. Msichana akisema moyo unamwenda mbio, atasikia moja ya majibu mawili. La kwanza ni, "Huna imani, zidisha Qur'ani." La pili ni hilo la kidonge. Majibu yote mawili yanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyemuuliza anaogopa nini.

Na mambo ya kuogopa yapo. Anahama nyumba aliyozaliwa. Anaingia kwa mama mkwe asiyemjua tabia zake. Anafikiria usiku wa kwanza, na hadithi alizosikia ni za kutisha kuliko za kufundisha. Macho ya watu mia tatu yatamtazama, na simu zitapiga picha ambazo hazitafutika. Mwili wa mwanadamu ukihisi hatari hujiandaa: moyo hudunda, viganja hutoka jasho, tumbo hukoroga, pumzi hubana. Allah ndiye aliyetuumba hivyo, na mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe jambo likishapita.

Tukirudi kwenye Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Qasas tunasimuliwa mama yake Nabii Musa, moyo wake ulivyokuwa mtupu baada ya kumtia mwanawe mtoni, hata akakaribia kuidhihirisha siri. Hakukemewa kwa hofu ile. Allah aliutia nguvu moyo wake. Basi msimkemee binti yenu kwa kutetemeka.

Kidonge hiki ni kitu gani?

Watu wengi hapa visiwani huita kila dawa ya aina hii Valium, hata kama si hiyo. Jina la dawa yenyewe ni diazepamu, na ipo katika ukoo uitwao benzodiazepini. Ndugu zake ni lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu na wengineo. Wa kwanza kuingia sokoni alikuwa Librium, mwaka 1960, kutoka kampuni ya Roche. Mkemia Leo Sternbach ndiye aliyeigundua. Valium ikafuata mwaka 1963.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleweka. Ubongo una kemikali yake ya kupoza mambo, iitwayo GABA. Hiyo ndiyo breki. Kidonge huifanya breki ikamate kwa nguvu zaidi. Ndani ya saa moja hivi misuli inalegea, moyo unapunguza mbio, mawazo yanakwenda taratibu na usingizi unakaribia. Ndiyo maana anayekimeza husema, "Alhamdulillah, nimepona." Kilichotokea ni kwamba breki imekanyagwa. Kule gari ilikokuwa ikielekea hakujabadilika.

Diazepamu pia haitoki mwilini upesi. Ukimeza leo usiku, kesho bado ipo, na mabaki yake hukaa siku kadhaa. Ukimeza tena kesho, na keshokutwa, inajikusanya. Bi harusi aliyepewa nusu kila usiku kwa wiki nzima anaingia siku ya ndoa akiwa na kiasi kikubwa mwilini kuliko wanavyodhani waliompa.

Tuseme haki: inasaidia

Sitaki mtu atoke hapa akadhani dawa hii ni sumu. Diazepamu imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huzuia degedege na kifafa kisichokatika. Hulegeza misuli iliyokaza. Huwasaidia wanaoandaliwa kwa operesheni, na wale ambao wasiwasi umewafikisha mahali hawawezi kula, kulala wala kusimama. Daktari akikupima, akakuuliza maswali, akakuandikia kidogo kwa siku chache na kukupa tarehe ya kurudi, meza kwa jina la Allah na usione haya. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kujitibu, na mwenye kutibu moyo uliozidiwa hana tofauti na mwenye kutibu presha au sukari.

Ninachokipinga ni kidonge kisicho na daktari, kisicho na kipimo na kisicho na tarehe ya mwisho.

Mlango wa kuingia ni mpana, wa kutokea ni mwembamba

Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaelekeza madaktari kwamba dawa za ukoo huu zitumike kwa wasiwasi mkali tu, na kwa muda mfupi wa wiki 2 hadi 4. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo zito zaidi liandikwe kwenye benzodiazepini zote: kuhusu matumizi mabaya, uraibu, mwili kuzitegemea, na madhara ya kuziacha ghafla. Walisema wazi kwamba mwili unaweza kuanza kuzitegemea ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache za kumeza mfululizo, hata kama mgonjwa anafuata maelekezo.

Onyo hilo halikuja bure. Valium ilikuwa dawa iliyoandikwa kuliko zote nchini Marekani kwa zaidi ya miaka kumi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliotangaziwa zaidi walikuwa wanawake: mama wa nyumbani aliyechoka, mke mwenye fikra nyingi, msichana asiyelala. Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, alijikuta amezoea vidonge alivyoandikiwa na madaktari pamoja na pombe. Mwaka 1978 familia yake ilimkalisha kitako ikamwambia ukweli, akatibiwa, na mwaka 1982 kituo chenye jina lake kikafunguliwa kuwasaidia wengine. Mwanamke yule alikuwa na walinzi, madaktari na fedha, na bado kidonge kilimshinda.

Namna mwili unavyozoea ni hivi. Ubongo ukiona breki inakanyagwa kila siku kutoka nje, wenyewe hulegeza breki yake. Baada ya muda nusu haitoshi, unahitaji kizima. Kisha siku usipomeza, wasiwasi unarudi kwa kishindo kuliko ule wa mwanzo. Usingizi unakataa, mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unadunda. Hapo ndipo mtu husema, "Mnaona? Bila dawa mimi siwezi." Hajui kwamba hali hiyo inaweza kuwa imeletwa na dawa yenyewe. Vijana wa mtaani wana jina lake: arosto. Hatupendi kulitumia neno hilo kwa mama mtu mzima anayesali na kufunga, lakini mwili haujui nani ni nani. Kule Mombasa vijana wanaotumia vidonge vya ukoo huuhuu huviita bugizi, na jamii nzima inawanyooshea vidole. Kidonge cha ndani ya pochi ya shangazi ni binamu yake.

Na si mabiharusi peke yao. Mfikirie mjane. Mume amefariki, hajalala tangu mazishi, mtu mwenye huruma anamletea vidonge. Eda ni miezi 4 na siku 10, siku zipatazo 130, na muda mfupi wa hizi dawa ni wiki chache. Akimeza kila usiku mpaka eda iishe, atavua mavazi ya eda na kubaki na kidonge. Huzuni yake ilikuwa na mwisho wake wa kawaida, lakini sasa ana jambo la pili la kupambana nalo.

Kimya cha mwari

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha raha kuliko yote.

Katika sheria yetu, mwari akiombwa idhini ya kuozwa akanyamaza, kimya chake kinahesabiwa kuwa ni ridhaa, kwa kuwa haya humzuia kusema. Ni hukumu ya huruma, imewekwa kumlinda asilazimishwe kutamka kinachomuonea haya. Lakini hukumu hiyo imejengwa juu ya kitu kimoja: kwamba aliyenyamaza angeweza kusema. Ana akili zake, anasikia, anaelewa, na akitaka kutikisa kichwa atatikisa.

Je, kimya cha binti aliyepewa vidonge viwili asubuhi ile kinasema nini? Mimi si kadhi na sitoi fatwa. Nauliza kama mwanamke. Kuhifadhi akili ni miongoni mwa mambo matano makuu ambayo sheria imekuja kuyalinda, na saa ya kuulizwa idhini ni saa ambayo mwanamke anahitaji akili yake kuliko saa nyingine yoyote.

Wapo mabinti ambao hofu yao ni woga wa kawaida tu. Watacheka nayo wiki mbili baadaye. Lakini wapo ambao mikono inatetemeka kwa sababu wamesikia kitu kuhusu mchumba. Wapo ambao kuna mtu aliwahi kuwaumiza utotoni na hawajamwambia yeyote. Wapo waliosali istikhara na nyoyo zao hazijatulia. Wapo ambao hawamtaki, basi. Wote hawa ukiwatazama kwa nje wana dalili zilezile: hawali, hawalali, wanalia bila sababu. Kidonge hakiwezi kuwatenganisha. Kinawatuliza wote sawasawa, na yule aliyekuwa akikusanya ujasiri wa kusema neno, ujasiri wake unayeyuka pamoja na hofu yake.

Kuna na usiku wenyewe. Dawa hizi hulegeza mwili na hufifisha kumbukumbu. Mtu anaweza kuongea na kutembea usiku, kisha asubuhi asikumbuke. Usiku wa kwanza wa ndoa ni amana baina ya watu wawili. Mke ana haki ya kuwepo: kusema ninaogopa, kusema taratibu, kusema leo hapana nimechoka. Mume mwema naye hataki kulala na mtu asiyejua yupo wapi. Makungwi wangu, hapa nawaomba sana. Kazi yenu ya asili ni kumfundisha mwari mpaka hofu imtoke. Mafunzo mazuri, ya wazi, yasiyo na vitisho, yanafanya kazi ambayo hakuna kidonge kinachoiweza. Mwambieni maumivu makali si lazima. Mwambieni hakuna haraka, fungate ni siku saba. Mwambieni mume naye anaogopa.

Ya kiafya yasiyosubiri

Yapo mambo ambayo hata aliyeandikiwa na daktari lazima ayajue.

Usichanganye dawa hizi na dawa kali za maumivu kama tramadoli, wala na dawa za kikohozi zenye kodini, wala na pombe. Zikikutana, pumzi inaweza kupungua mpaka ikasimama mtu akiwa usingizini. Ukiwa unatumia dawa yoyote nyingine, mwambie daktari kabla hajaandika.

Ukiwa na mimba, au umeolewa karibuni na huna hakika, sema. Diazepamu humfikia mtoto tumboni, na mama akiitumia siku za mwisho mtoto anaweza kuzaliwa mlegevu, hanyonyi vizuri. Hupita pia katika maziwa ya mama na kumfanya mtoto asinzie.

Usiendeshe gari wala usikae na jiko la moto ukiwa umemeza. Na mama zetu watu wazima ndio hatari zaidi, kwani huamka usiku kwenda kutawadha wakiwa bado na dawa kichwani, wakaanguka na kuvunjika nyonga.

Piriton nayo tuitaje, maana kuna wanaosema, "Mimi simezi dawa za usingizi, nameza Piriton tu." Hiyo ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni. Haikutengenezwa kutibu wasiwasi, na kuimeza kila usiku ili ulale ni kujidanganya.

Ramadhani ikifika, usijipangie mwenyewe saa za dawa. Muone daktari mapema akupangie kati ya futari na daku.

Meza au soma?

Nimechoka na mashindano haya. Upande mmoja kuna wanaosema dawa za akili ni za wasio na Mungu. Upande mwingine kuna wanaoona dua ni ya wasiosoma. Dini yetu haikutupa uchaguzi huo.

Mafakihi wana kanuni inayojulikana: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Kilichoruhusiwa kwa ajili ya haja kinaruhusiwa kwa ukubwa wa haja ile na kwa muda wake, haja ikiondoka ruhusa nayo inaondoka. Madaktari wa Uingereza waliposema wiki 2 hadi 4, walikuwa wanatembea njia ambayo mafakihi wetu walikwisha ikanyaga.

Na elimu ya nafsi si kitu cha kigeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya manufaa ya miili na nafsi pamoja. Humo alishughulikia hofu, huzuni, hasira na wasiwasi kama maradhi yenye tiba. Moja ya nasaha zake ni kwamba mtu ajiwekee fikra njema wakati ametulia, kama anavyoweka dawa kabatini, ili azitoe siku ya dhiki. Wataalamu wa leo wa matibabu ya mazungumzo hufundisha kitu cha karibu sana na hicho.

Zaidi ya wote tunaye Mama yetu Khadija (R.A.). Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka Hira akitetemeka, akiomba afunikwe. Bi Khadija alimfunika mpaka hofu ikampungua. Alimsikiliza. Akamkumbusha wema wake mmoja mmoja: anaunga undugu, anasaidia wanyonge, anakirimu wageni. Kisha akampeleka kwa Waraqa, mtu mwenye elimu ya jambo lile. Tazameni mpangilio huo. Alituliza mwili, akasikiliza, akatia moyo, akaenda kwa mjuzi. Huo ndio utaratibu ninaouomba katika vyumba vya mabiharusi wetu.

Tufanye nini basi?

Wiki kadhaa kabla ya harusi, mtu mmoja anayeaminiwa na binti akae naye peke yao, milango imefungwa, simu zimezimwa. Amuulize: unaogopa nini hasa? Unamtaka huyu? Kuna aliyekuumiza? Kisha anyamaze na asubiri. Jibu likija, asilikimbize kwa "usijali".

Punguzeni mzigo. Mabinti wengine hawana ugonjwa wowote, wamechoka tu. Kusugwa singo saa nne, kukaa na hina na piko mpaka usiku wa manane, kukimbizana na fundi wa nguo, kujibu simu za watu wa mbali. Chai nzito ya maziwa, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu huzidisha mbio za moyo. Mpeni nafasi ya kulala. Mpeni uji. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiwapikia wafiwa talbina, uji wa shayiri, na amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba hutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa sehemu ya huzuni.

Mfundisheni kupumua. Avute pumzi taratibu kwa pua, aitoe taratibu zaidi kwa mdomo, dakika tano, mkono juu ya tumbo. Pumzi ndefu ya kutoka huuambia mwili kwamba hatari imepita. Aiunganishe na dhikri akipenda. Dua ya kujikinga na hamu na huzuni, aliyokuwa akiiomba Mtume (S.A.W.), aihifadhi siku ametulia, kama alivyonasihi al-Balkhi.

Hayo yakishindikana, au hofu ilikuwepo tangu kabla ya posa, au anapata vipindi vya kuhisi anakufa, au anawaza kujidhuru, aende hospitali, na huyo wa mwisho aende leo. Kidongo Chekundu ni hospitali kama nyingine. Mtu hapungui hadhi kwa kupita lango lake. Daktari anazo njia nyingi zaidi ya Valium: matibabu ya mazungumzo, dawa za wasiwasi zisizoleta uraibu wa aina hii ingawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na nyinginezo. Akikuandikia kidonge cha kutuliza, muulize maswali manne: Ni cha nini? Nimeze siku ngapi? Nitaachaje? Na tutatibu vipi kilichonileta hapa?

Kwa aliyekwisha zoea

Najua kuna dada anasoma hapa huku moyo unamdunda, kwa sababu anameza mwaka wa tatu sasa na mume hajui. Nakuambia mambo mawili.

Kwanza, usiache leo kwa ghafla. Usitupe vidonge chooni kwa jazba ya kutubu. Kuacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu kunaweza kuleta degedege na hata kuhatarisha maisha. Nenda kwa daktari, mwambie kiasi cha kweli unachomeza, akupunguzie kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Inachosha, lakini watu wengi wameivuka.

Pili, mwili kuzoea dawa si uasi. Hukwenda kutafuta ulevi, ulitafuta usingizi. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani. Siri ndiyo inayokifanya kidonge kiwe kikubwa kuliko wewe.

Na kwenu wenye maduka ya dawa: mnayajua haya kuliko mimi. Diazepamu ni dawa inayodhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa mwaka 1971, haipaswi kutoka kaunta bila cheti cha daktari. Binti anayekuja na hina mbichi mikononi kuulizia "kitu cha kunitoa woga" ni amana mbele yenu.

Mwisho nawageukia mama zangu. Tunawapenda mabinti zetu, na kuwaona wanalia kunatuumiza, ndiyo maana tunakimbilia kinachonyamazisha upesi. Safari hii, kabla ya kufungua pochi, kaa chini kwenye mkeka, mshike mkono wake wenye hina, umwambie, "Sema mwanangu, nakusikiliza." Kama ni woga tu, utaondoka kwa mazungumzo na usingizi. Kama ni maradhi, daktari yupo. Na kama ni hapana, basi utaisikia kabla ya ndoa kufungwa.

Allah awatilie kheri mabiharusi wetu wote, awape waume wenye huruma na nyumba zenye utulivu, na awaponye waliozidiwa. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.